Nyumba Yangu ya Kwanza, Karibu na Gilgil

Siku hizi vijana wakimaliza chuo kikuu wananijia hapa nyumbani wamekunja nyuso kama waliolamba ndimu. Ati kazi hakuna, ati utu uzima ni mzigo, ati afadhali wangebaki darasani. Nawamiminia chai, nawaacha walalamike mpaka wachoke, halafu nawaambia ukweli wangu: mimi kumaliza chuo nilikufurahia, na utu uzima niliupenda tangu ulipoanza, ingawa ulianza kwa kunitoa kwenye nyumba yangu mwenyewe. Hapo wanasahau malalamiko yao na kuniuliza ni nyumba gani hiyo. Basi na wewe vuta kiti.

Nilikulia Nakuru, kwenye landhi za reli. Asiyezijua landhi, ni safu za vyumba vya mawe, mlango kando ya mlango, na kila familia ya mfanyakazi ina chumba kimoja na pazia la kukigawa. Baba alitoka magharibi akiwa kijana asiye na viatu, akaajiriwa kuvuta nondo za kubadilisha reli pale stesheni, ili gari la Kisumu lisiende Kampala na la Kampala lisiende Kisumu. Kazi hiyo aliifanya mpaka ndevu zikawa nyeupe. Sijawahi kusikia gari lililopotea zamu yake ikiwa imeingia, na yeye mwenyewe hakuchoka kutukumbusha jambo hilo.

Sasa, kwetu magharibi kuna desturi. Mvulana akishatoka jandoni halali tena nyumba moja na wazazi wake. Baba humwonyesha mahali karibu na lango la boma, pajengwe kibanda chake. Kibanda hicho tunakiita simba, na usiniulize mnyama anaingiaje, maana haingii. Humo kijana analala, anapokea wenzake, anajifunza kuwa mtu mzima huku moshi wa jiko la mama bado unamfikia. Haya niambie, kwenye landhi lango la boma liko wapi? Ardhi ni ya reli, ukuta ni wa reli, hata tundu la panya ni la reli. Kwa hiyo nilipotoka jandoni baba mwenyewe alilibeba blanketi langu, akanipeleka kwa kapera mmoja wa safu ya pili, mchochea moto wa garimoshi, akamwomba anigawie pembe ya sakafu. Alimwomba kwa sauti ya chini huku akiangalia viatu vyake. Nilikuwa mdogo, lakini niliona kwamba jambo lile linamuuma. Alikuwa na mwana na hakuwa na mahali pa kumwonyesha.

Yule kapera alikuwa mtu mwema, ila alikoroma kuliko injini aliyoichochea. Kwake nikatoka kwenda bweni la shule, na bweni la shule nikatoka kwenda bweni la chuo kule Kampala. Nilisoma kwa bidii na nilicheka sana, na nilikuwa na marafiki ambao mpaka leo nikiwakumbuka natabasamu peke yangu. Lakini kila nilipolala palikuwa pa wenyewe. Wenzangu waliota magari na suti za Ulaya. Mimi niliota mlango. Nilitaka nyumba ambayo nikiingia jioni hakuna wa kuniuliza nimetoka wapi, na kitanda ambacho likizo ikifika sikikabidhi kwa mtu.

Nilipomaliza, nilirudi kwa gari la moshi, na akina mama wa landhi walikuja stesheni kunipokea kwa nyimbo. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, askari walikuwa wanapanda kila behewa kukagua karatasi za watu, na mmoja wao aliwaamuru wanyamaze. Walinyamaza mpaka alipopita, kisha wakaendelea palepale walipoachia. Jumapili mama alinilazimisha kuvaa joho langu jekundu la chuo kwenda kanisani, kwenye jua lile la Januari na vumbi lile la Nakuru. Nilimwambia, "Mama, joho si la kanisani." Akaniambia, "Baba, mimi ndiye niliyeomba ulipate, na nililiomba humo humo kanisani, kwa hiyo litaingia." Akina mama walilipapasa kitambaa kama wanaonunua. Mzee mmoja alinifungulia kinywa nimwangalie jino, na nilipomwambia sikusomea meno alinihurumia kwelikweli. Nilitoka jasho, nikaona haya, na sitabadilishana siku ile na siku nyingine yoyote.

Haukupita muda nikapewa kazi ya ualimu katika shule moja ya wavulana, mbele kidogo ya Gilgil, na kazi ilikuja na nyumba. Nyumba hasa, ya mawe, ya vyumba vitatu, yenye madirisha ya vioo na bati jekundu juu. Nyuma, hatua chache kutoka lango la ua, palikuwa na jiko la nje na kando yake chumba kidogo, kwa sababu waliojenga walidhani kila mwalimu ana boi wa kumtumikia. Upepo wa Gilgil una makali yake, unapenya hata ndani ya mfupa, lakini nakwambia sikuhisi baridi. Nilitoka chumba hiki nikaingia kile bila shughuli yoyote. Nilifungua dirisha nikalifunga. Nilijisalimia, nikajikaribisha, nikajibu asante. Ungeniona ungesema digrii imenipanda kichwani. Nilinunua kitanda cha chuma, meza na viti viwili, cha pili cha mgeni, na jioni nilikaa nikilisikia bati likilia kwa upepo na nikajua kwamba nimefika.

Msimu huohuo baba alistaafu. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika, maana chumba cha landhi ni cha kazi, kazi ikiisha na chumba kimeisha. Alipewa mpaka mwisho wa mwezi. Kule magharibi shamba lake lilikuwepo, lakini nyumba haikuwepo. Mchwa na mvua vilikuwa vimeiangusha zamani, naye hakuwahi kuisimamisha tena kwa sababu jasho lake lote lilikwenda kwenye masomo yangu. Kujenga upya kungechukua miezi mingi. Kwangu mimi jibu lilikuwa wazi kama mchana. Nilikwenda Nakuru nikamwambia, "Baba, njooni Gilgil. Nyumba ni kubwa, nakaa peke yangu."

Akasema hapana. Hakukasirika, alisema tu kama mtu anayekwambia kwamba maji hayapandi mlima. Mzazi halali nyumba ya mwanawe. Hilo nalo ni la desturi ileile, upande wake wa pili. Akilala humo anauvunja uzazi wa mwanawe, anawaletea mkosi watoto ambao hawajazaliwa. Angeweza kuja mchana, angekula, angekaa mpaka jua liiname, lakini kulala, haiwezekani. Alikuwa ameshatafuta chumba cha kupanga kule mtaa wa Bondeni, nyuma ya kilabu cha pombe.

"Bondeni siendi," mama akasema akiendelea kuchagua maharagwe. "Nitalala kwenye behewa la ng'ombe, lakini nyuma ya kilabu siendi."

Nikaleta ujanja wa msomi. Nikamwambia baba nyumba ile si yangu, ni ya shule, imeandikwa hivyo. Akanitazama kwa huruma. "Anayelala humo ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi ni yako."

Nilirudi Gilgil nimekasirika. Nilikasirikia desturi, reli, mchwa, na zaidi ya yote nilimkasirikia yule mzee mkaidi niliyempenda. Nyumba yangu tamu ikaanza kunikera. Kila nilipofunga mlango nilimwona mama yangu anapita katikati ya walevi na ndoo ya maji kichwani, na usingizi ukakataa. Hakuna raha unayoweza kuila peke yako huku waliokulea wako mlangoni, wameshikilia mizigo. Hilo hakuna mhadhara ulionifundisha.

Jumapili moja walikuja kunitembelea kwa gari la asubuhi. Zilibaki siku chache tu chumba cha landhi kichukuliwe. Baba aliingia, akazunguka, akasifu madirisha, kisha akakaa kwenye ncha ya kiti cha mgeni na kofia yake juu ya goti, tayari kwa gari la jioni. Alivyokaa vile aliniumiza. Mtu aliyejinyima yeye mwenyewe nyumba ili anisomeshe, sasa amekaa kwangu kama aliyekuja kuomba kazi.

Mama hakukaa. Alitoka nyuma kupika, nami nikamfuata na kuni. Alikuwa ameshalizoea jiko la nje kana kwamba alizaliwa humo. Akaashiria kwa mwiko ule mlango wa kando.

"Hicho ni chumba cha nani?"

"Cha boi."

"Na boi yuko wapi?"

"Sina boi, Mama."

Akarudi kwenye sufuria yake. Mimi nikabaki nimesimama na kuni mikononi. Nilikitazama kile chumba. Nilitazama lango, hatua chache tu. Nikageuka nikaitazama nyumba kubwa, na moshi wa mama ukanipita usoni. Nikaelewa, na kusema kweli kwanza sikufurahi hata kidogo. Nyumba ile niliingoja tangu siku ya lile blanketi, na nilikuwa sijaizoea hata bado. Nikachungulia dirishani nikamwona baba, ameigeuza kofia gotini, anaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Nikatua kuni, nikaingia ndani, nikaanza kukifungua kitanda changu.

Baba aliniangalia nikipita na godoro. Aliniangalia nikipita na shuka na vitabu. Niliporudi kuchukua vyuma vya kitanda akauliza, "Unavipeleka wapi?"

"Nahama. Naenda kulala simba yangu, pale karibu na lango."

Akaacha kuipangusa kofia. Kule jikoni mwiko nao ukanyamaza, kwa hiyo nikajua mama anasikiliza.

"Na humu atalala nani?" akauliza.

"Sijui, Baba. Kwetu nyumba kubwa hulala mwenye boma."

Nilidhani atakataa, maana alikuwa hodari wa kukataa, na nilikuwa nimeshika vyuma kifuani bila kujua niende au niviteremshe. Kisha aliinuka, akaiweka kofia juu ya meza, katikati kabisa, akashika ncha ya pili ya vyuma vyangu. Tukatoka navyo, yeye mbele.

Mwalimu mkuu wetu, Mzungu mmoja mpole, alikuja kuniuliza baadaye kwa nini mwalimu mwenye digrii analala chumba cha boi, na kama nimekosana na wazazi. Nikamwambia hapana, ndio kwanza tumepatana. Alitikisa kichwa akaenda zake. Mizigo ya landhi tuliifuata Nakuru wiki hiyohiyo, na wazee walikaa nami Gilgil mpaka nyumba ya magharibi ikaezekwa. Nilisahihisha madaftari humo kwenye chumba changu kidogo na koti mwilini, nikila chakula cha mama kila jioni, na sijawahi kuwa mtu mzima mwenye furaha kama nilivyokuwa wakati ule.

Lakini nilikuwa nakwambia habari za Jumapili ile. Tulikiunga kitanda, mimi na baba. Alikigeuza mwenyewe ili kichwa kisielekee mlangoni. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaangalia bati kama linavuja, akajaribu komeo mara kadhaa. Gari la jioni likapiga honi kule Gilgil, naye hakugeuka hata kulisikiliza, yeye aliyeishi kwa honi maisha yake yote. Alipomaliza kukagua akasimama kizingitini na mgongo wake kwangu.

"Ulipotoka jandoni nilikupeleka kwa mtu," akasema. "Mahali pako ni hapa. Nilichelewa kidogo tu."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuchelewa, badala yake nikalia pale kitandani, msomi mzima wa Kampala. Hakunitazama, akaniacha nilie. Mama akaniita kutoka jikoni, nioshe uso na nije nichukue chakula, niwapelekee wazee nyumbani kwao.