Mwoga Akiweka Dau

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kutowaamini waoga. Ndivyo nilivyowaita kimoyomoyo wanaume watatu niliokuwa nikicheza nao karata kwenye stoo ya mahindi pale Sumbawanga. Mchana mzima hawaweki dau. Halafu mmoja anaweka, nami namwona mwongo, namfuata, ananila. Kila mara alikuwa nazo kweli, karata nzuri. Na mara iliyofuata nilimwona mwongo tena.

Mchezo wenyewe, poka, uliletwa na dalali mwenye stoo, ambaye aliufundishwa na madereva wa malori Tunduma. Kila mtu anatanguliza punje moja ya mahindi katikati na kupewa karata mbili anazozificha. Kisha karata tano zinafunuliwa katikati: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Kabla hazijafunuliwa, na kila zinapofunuliwa, unaweza kuweka dau, kufuata dau la mwenzako, au kutupa karata zako na kuacha pale ulichokwisha kuweka. Anayebaki na karata tano bora anachukua vyote. Punje ya mahindi ilihesabika kuwa shilingi mia, harage mia tano, na tukimaliza dalali anazigeuza kuwa hela. Tulicheza juu ya magunia wakati wa masika, mvua inapopiga bati mpaka mnaongea kwa kupiga kelele, na magari ya vijijini yamekwama kwenye tope.

Mimi nilikuwa mtu wa mizani hapo stoo. Masika ilipoanza nilijifundisha poka kwa video za Kiingereza kwenye simu. Nusu ya maneno sikuyaelewa. Nilikuwa nasimamisha, narudisha nyuma, nasimamisha tena, mpaka bando linakata. Chumbani kwangu mtaa wa Katandala nilitandaza karata kitandani nikawagawia watu wasiokuwepo, na nikikosea hatua moja nilizikusanya zote nikaanza upya. Nimekuwa hivyo tangu utotoni. Shuleni herufi moja ikipinda nachana ukurasa mzima, na katika mtihani wa kidato cha sita nilitumia muda mwingi kulisafisha swali la kwanza hata maswali ya mwisho sikuyagusa. Matokeo yake siyataji. Karata zilinivuta kwa sababu zilikuwa na jibu sahihi, na hakuna aliyelijua jibu hilo ila mimi. Niliamini hivyo.

Video zilifundisha namna ya kucheza na watu wanaodanganya. Zilisema mtu akiweka dau kubwa, mara kadhaa anakuwa anakutisha tu, kwa hiyo usimwachie kila safari. Nikalishika hilo. Stooni pale hakuna aliyekuwa anatisha.

Dalali alikuwa mwoga kwa sababu ndiye aliyekuwa anabadilisha hela na aliona aibu kumla mfanyakazi wake na wateja wake. Wa pili alikuwa mfugaji wa Kisukuma, mwenye ng'ombe wengi bondeni Rukwa, aliyekuja mjini mara kwa mara kununua mahindi ya nyumbani kwake. Dalali hakuacha kumtania.

"Wewe Msukuma, una zizi limejaa ng'ombe, unaogopa harage moja?"

"Ng'ombe wanazaa, bosi. Harage likiingia kwenye mkono wako nimewahi kuliona likirudi?"

Wa tatu alikuwa mzee wa Kifipa, mkulima, mwenye koti zito asilolivua hata jua likitoka. Nilimwamkia shikamoo kila siku kabla ya kumgawia karata. Mzee huyu alikuwa na ulezi kwenye kihenge ambao hakuuza hadi aone ulezi wa msimu mpya umetoa masuke shambani. Wanunuzi walimfuata na bei nzuri akawarudisha. "Huu wa shambani bado ni majani," aliwaambia. Karata alizicheza hivyohivyo. Alitupa, alitupa, alitupa, na alipoweka alikuwa tayari ameshaona.

Ilinichukua wiki nyingi za kuliwa kidogo kidogo kuligundua jambo ambalo mtoto angeliona. Mtu anayetupa karata kila wakati anaacha punje zake katikati kila wakati. Basi nikabadilika. Wote wakinyamaza, naweka maharage mawili, nikiwa nazo nisiwe nazo. Wanatupa, nachukua. Mmoja akinifuata siongezi tena, akiongeza dau natupa. Nilijirudishia sheria hiyo nikiwa njiani kwenda kazini, midomo ikicheza kama mtu anayesali.

Ikafanya kazi. Siyo kwa hela nyingi, hela ya mchele na vocha. Lakini kwangu ilikuwa kama kusahihishiwa ule mtihani.

"Dogo, mikwara hii umeitoa wapi?" dalali aliuliza.

"Sina mkwara, bosi. Karata zinanipenda."

"Karata gani zinampenda mtu kila siku? Hata mke hapendi hivyo."

Siku moja mzee alitupa mbele ya maharage yangu mawili, nami kwa kiburi nikafunua nilichokuwa nacho. Sikuwa na kitu. Mfugaji akacheka mpaka akakohoa. Dalali hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mtu mzima huwezi kumla halafu ukamwonyesha jinsi ulivyomla. Mzee aliziangalia zile karata mbili tu, akasema, "Kumbe," akavuta koti lake vizuri.

Mwezi wa pili mama akanipigia kutoka nyumbani Mwimbi.

"Mwanangu, mahindi yanageuka manjano."

Alinitumia hela ya mfuko mmoja wa mbolea ya kukuzia, niununue mjini na kuupandisha kwenye gari la asubuhi. Shamba letu linataka mifuko miwili. Nilimwambia hivyo. Akasema anajua, ataweka kidogo kidogo, kila shina lionje. Alikuwa ameuza mbuzi kupata hiyo ya mmoja.

Mtu mwingine angenunua mfuko akalala. Mimi sikuweza. Nililiona lile shamba kichwani, mbolea imepelea kila shimo, mahindi yote yamenusurika nusu. Kazi ya nusu inaniwasha mwilini kama upupu. Nikajiambia, nina sheria inayofanya kazi, na mchana mmoja mzuri utanipa mfuko wa pili. Duka lilikuwa hatua chache kutoka stooni. Nililipita.

Nilianza vizuri. Naweka, wanatupa. Nikahesabu nimefika karibu robo ya mfuko, halafu karata zikaanza kunikataa. Nikarudi nilipoanza, nikashuka zaidi.

Ndipo nikapewa mfalme wa kopa na tano ya kopa, nikaweka. Dalali alitupa. Mfugaji akatupa. Mzee akafuata. Katikati zikafunuliwa tisa ya kopa, saba ya kopa na mbili ya uru. Nikaweka. Mzee akafuata. Ya nne ikawa malkia wa kopa, na sasa nilikuwa na karata tano za kopa, mkono ambao kwa wiki nzima unaweza usiuone. Nikaweka nyingi. Mzee akafuata, akiangalia mvua mlangoni. Karata ya mwisho ilikuwa saba ya pau.

Mzee akasukuma maharage yake yote katikati kwa viganja viwili.

"Haya," alisema.

Nilijua. Naweza kutafuta namna nyingine ya kulieleza hili, lakini sitaipata. Saba mbili zilikuwa zimelala katikati, nazo zinaweza kumpa mtu mkono wa kushinda kopa tano, na ninayecheza naye ni mtu ambaye tangu masika ianze hajawahi kusukuma zote. Sheria yangu mwenyewe ilikuwa wazi: natupa. Lakini punje nilizokuwa nimeweka zilikuwa zimeula mfuko nusu, na kama ningetupa ningebaki na hela isiyonunua hata mmoja. Nikaanza kupiga hesabu za kwenye video, ni mikono mingapi inayoshinda kopa tano, na kila hesabu ilinipa jibu nililolitaka. Nikakumbuka ile siku nilipomfunulia. Nikasema, leo analipiza, leo ananitisha.

Maharage yangu hayakutosha kumfuata. Nikatoa simu nimtumie dalali hela iliyobaki anipe maharage.

Dalali aliangalia ujumbe ulipoingia kwenye simu yake. "Hii hela ni yako?"

"Ni yangu."

"Dogo."

"Bosi, ni yangu."

Akanihesabia. Nikayasukuma.

Mzee akafunua tisa mbili. Na ile ya katikati zikawa tatu, na zile saba mbili juu yake. Tatu na mbili zinashinda kopa tano; zangu hazikuwa kitu.

"Pole, mwanangu," alisema, na alimaanisha. Kisha akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Sasa ulifuata nini? Mimi si naweka nikiwa nazo tu?"

"Nilidhani unanitisha, mzee."

"Mimi?" Akamgeukia mfugaji. "Eti mimi!"

Walicheka bila ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Hakuna aliyenitega. Mzee alikuwa ameniambia ukweli kwa miezi, kwa kila karata aliyotupa, na mimi niliyejiona nimewasoma wote sikumwamini pale alipousema kwa sauti.

Kesho yake mama alisubiri gari barabarani. Akapiga simu: konda anasema hakuna mfuko. Nikamwambia mbolea imeisha madukani. Akasubiri tena, nikamwambia tena. Nilijaribu kukopa kwa wenzangu wa mizani, nao walikuwa na mashamba yao ya manjano. Kwa mzee sikuenda. Niliona haya, na nilijua kwamba nikifungua mdomo nitalia mbele ya watu.

Jumamosi nikapanda gari la Mwimbi. Mama alikuwa shambani. Majani ya chini yalikuwa yameungua kuanzia nchani kuja katikati, na mahindi yaliyotakiwa kunifika kifuani yalikuwa magotini. Nilimwambia habari za karata na za mzee nikiwa nimesimama kwenye tuta, sikusubiri hata tufike nyumbani.

Alifuta mikono kwenye kitenge. "Uliicheza yote?"

"Yote."

Akaligusa jani moja lililoungua. "Huyo mzee ana shamba?"

"Analo."

"Basi mbolea imekwenda shambani kwake," alisema, akainama kuendelea kupalilia.

Jioni tulikwenda kwa jirani mwenye ng'ombe kuomba samadi. Tulibeba kwa ndoo Jumapili nzima baada ya misa, tukaweka penye hali mbaya zaidi. Mvua ya wiki ile ikaisomba sehemu kubwa. Tulivuna magunzi yenye punje za kuhesabika, na mwaka ule mama hakuuza hata debe.

Stooni bado nafanya kazi, na masika watu bado wanacheza. Nacheza kwa punje zisizo na hela. Mwoga akiweka dau natupa, hata nikiwa na karata nzuri, na siombi kuonyeshwa alikuwa na nini. Hela ya mbolea mama sasa anamtumia mwenye duka moja kwa moja. Mimi napigiwa simu nikaubebe mfuko na kuupandisha kwenye gari.