Waya wa Friji ya Mama

Kaka yangu aliuchoma waya wangu, na hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Tulikuwa tumerudi kwetu Gashoho kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, tulikokulia. Mama alikuwa na sukari, na dawa yake ya sindano ilitaka baridi. Tukaweka sola, betri, friji ndogo, na inveta ya kugeuza umeme wa betri uifae friji. Lakini nyaya za dukani zilikuwa plastiki nene, shaba ndani kiduchu. Zikapata moto, friji ikazima, dawa ikaharibika. Nikaapa kutengeneza zangu. Gitega, nilikokuwa nikifundisha, nilinunua waya mnene wa mashine ya kuchomelea.

"Mwalimu, hii iko shaba ya kweli," alisema muuzaji, akaukata nione mwenyewe.

Nyumbani niliugawa vipande viwili vya kutoka betri hadi inveta, nikaenda kwa fundi baiskeli kuazima jiriwa ya kubania vichwa vya shaba kwenye ncha zake. Narudi, nasikia harufu ya plastiki. Kaka amezichomeka ncha zote kwenye makaa, kama tulivyofanya kambini na nyaya za redio.

"Kaka, umefanya nini?"

"Nimekumenyea. Baba alituonyesha hivi, na redio haikuacha kuimba."

"Redio! Hii ni friji! Shaba ikiungua inakuwa nyeusi, inakatikakatika, moto unaanzia palepale!"

"Ikwangue basi. Gitega imekufanya bwana mkubwa."

Nilitamani kumchapa na huohuo waya. Nikakata ncha zote hadi penye shaba nyekundu, nikamenya kwa kisu, nikabana vichwa kwa jiriwa. Vikashika vizuri. Ila waya sasa ulikuwa mfupi. Inveta ilikuwa imefungwa ukutani chumbani kwa mama, na betri ingeifikia tu kama ingekaa pale kilipokuwa kitanda chake, chini ya dirisha alilolipenda.

"Unga kipande," kaka akasema.

"Kiungo nacho kipate moto? Dawa nyingine iharibike?"

Tukapigiana kelele mbele ya mgonjwa, watu wazima na ndevu zetu.

"Hamisheni kitanda," mama akasema.

"Mama, na dirisha lako?" nikauliza.

"Niliwabeba nyote wawili kuvuka mpaka, na njia nzima mlikuwa mnalia. Leo nibebeni mimi hadi ukuta ule, na mnyamaze."

Tukambeba na kitanda chake, kaka upande wa kichwa, mimi miguuni, kisha nikaisogeza betri chini ya dirisha, hasira bado ninayo.