Daktari wa Mazoezi na Mguu Wangu

"Mama, umelala tena! Nilishakuruhusu kuukanyagia huo mguu, wewe unaulea kama yai." Hivyo ndivyo daktari wa mazoezi alivyonijia wodini mwezi uliopita, bila hata salamu. Nikamwambia mfupa uliovunjika unataka kupumzika, hata wifi yangu wa Mjimwema anajua, na yeye daktari angevunjika mguu angejua pia. Hakupandisha sauti, huwa hapandishi. Aligonga kisigino changu kwa vidole viwili kama anayebisha hodi, akafuta miwani kwa pindo la koti. "Humu ndani kuna seli zinazojenga mfupa na seli zinazoubomoa. Ukikanyaga, ujumbe unawafikia wajenzi. Ukilala, wabomoaji ndio wanaotamba." Nikaanza kukanyaga, kwa kumkomoa tu.

Leo kaleta picha mpya ya eksirei. Kaiinua dirishani, na mimi roho juu, maana shamba langu la Madaba halilimwi kwa magongo. "Mfupa umeunga," akasema, akacheka hadi miwani ikamteleza. Nilikuwa na deni lake la hatua ishirini za jana, nilizokataa kwa hasira. Nikasimama kuzilipa. Kufika ya saba machozi yakanitoka. "Basi, mama," akasema, "zilizobaki nimekusamehe."