Ekseli Niliyoizamisha Majini

Sina pa kujificha, kwa hivyo naandika. Wiki iliyopita nilimharibia Guyo kazi. Yeye huuza maji Kiwanjani kwa baiskeli ya magurudumu matatu, na uzito wa mapipa mawili ulikuwa unakunja ekseli ya nyuma.

"Fundi, nitengenezee ngumu," aliniomba. "Hii ikilala, watoto wangu pia watalala njaa."

Marehemu babu yangu alifua mikuki. Chuma kikiwa chekundu alikizamisha majini, kikatoka kigumu. Nami nikaifanyia ekseli hivyo hivyo, nikajisifu kwa majirani kwamba hata lori halitaikunja.

Kweli, haikukunjika. Kesho yake ilikatika katikati ya soko, maji yote yakamwagika. Watu walipojaa, niliogopa lawama, nikapaza sauti: "Guyo, umepakia kupita kiasi! Hii ni baiskeli ama ni ngamia?"

Wakamcheka, nami nikacheka. Lakini haki isemwe: mapipa yalikuwa yale yale mawili.

Guyo aliinama. Aliokota kipande cha ekseli, akakigonga kwenye jiwe mara moja. Kikavunjika kama kigae.

"Na hiki, fundi," akauliza, "nimekipakia nini?"