Mstari Niliouacha Mtupu

Sijui kama haya ni ya kuandikwa na mtu kama mimi. Shule niliachia darasa la nane, na kompyuta nilifundishwa juzi juzi tu. Nikikosea mahali, ni kwa kutojua, si kwa kuficha.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, upande wa Ikonge. Wagonjwa wa presha wana kliniki mara moja kwa mwezi, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia siku. Majina yao yalikuwa kwenye daftari. Daftari likichakaa nilinakili orodha upya, na aliyefariki nilimwachia mstari wake mtupu. Hakuna aliyenituma. Kanisani kwetu, mama wa kwaya akifa, nafasi yake kwenye benchi hatuikalii mpaka mwaka uishe, nami niliona daftari nalo ni hivyo hivyo.

Kulikuwa na mzee mmoja, jirani wa mlima wa pili, niliyemwita Omogaka, yaani mzee wa heshima kwa Kigusii, ambaye nikifika langoni alianza kupiga kelele kabla sijabisha.

"Daktari wa daftari! Leo umeniandika bado niko hai?"

"Uko hai, Omogaka. Ila chumvi itakutoa."

"Chumvi ni ya huyu," anasema, akimwonyesha mkewe kwa kidole. "Mwandike yeye."

"Mwongo huyo," mkewe anajibu kutoka jikoni. "Anaitia mwenyewe nikigeuka."

Karani wa zahanati, mama anayetoka Kiogoro kila asubuhi, ndiye aliyeihurumia miguu yangu. Alinifundisha kuhamishia majina kwenye spredishiti, ile karatasi ya kompyuta yenye visanduku: safu moja jina, ya pili namba ya simu. Kisha akaandika programu kwa mkono wake mwenyewe. Alinieleza polepole: inafungua ile karatasi, inasoma mstari wa kwanza, inachukua jina na namba, inatuma ujumbe unaomwita mtu kwa jina, inashuka mstari unaofuata. Tulijaribu na kila mtu akapata. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikicheka peke yangu.

Nikapita kwa wote nikawaambia wasiningoje tena, simu itawaambia. Mzee hakupenda.

"Kwa hiyo hutakuja?"

"Nitakuja kukusalimia. Ila kliniki utaambiwa na simu."

"Haya. Nitakuwa naiangalia."

Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Halafu rafiki yangu, niliyeimba naye bega kwa bega tangu tukiwa wasichana, akafariki. Naye alikuwa wa presha, naye alikuwa kwenye orodha. Baada ya mazishi nilikwenda zahanati nikafuta jina lake na namba yake. Karani alikuwa amenionyesha namna ya kuondoa mstari mzima, hilo nalisema wazi. Sikuuondoa. Niliutazama ule weupe kati ya majina, nikaona nimemtendea haki.

Kliniki iliyofuata mzee hakuja. Nilikuwepo, niliona hakuja, nikajiambia pengine ameshuka kiwanda cha chai cha Itumbe kwa shughuli zake. Na siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimepita langoni pake nikiwa na haraka, nikampungia mkono. Neno moja tu la kliniki lingetosha. Sikulisema.

Vidonge vyake viliisha. Wiki iliyofuata alianguka katikati ya majani chai yake, mdomo ukapinda, na walipomfikisha hospitali ya Nyamira alikuwa amekwisha kukata roho.

Kwenye matanga mkewe aliniambia, bila ubaya wowote, "Ile simu aliipeleka dukani kuchajiwa mara mbili. Kila asubuhi aliiangalia. Nikamwambia twende tuulize, akasema yaya, hapana, daktari wa daftari alisema itaniambia."

Sikula pale. Nilikwenda moja kwa moja kwa karani, naye akafungua kompyuta. Waliokuwa juu ya mstari wa rafiki yangu wote walitumiwa ujumbe. Chini yake, mzee akiwemo, hakuna hata mmoja.

"Niliiambia ikikuta mstari mtupu ijue orodha imeisha," alisema. Sauti yake ilikuwa chini. "Sikufikiria mtu ataacha nafasi katikati. Kosa ni langu."

"Mimi ndiye niliyeiacha."

"Hukujua."

"Na wewe hukujua."

Siku hiyo hiyo alirekebisha programu iwe inaruka mstari mtupu na kuendelea. Mimi niliwazungukia kwa miguu wote waliokuwa chini.

Kusema ule mstari ndio uliomuua, sitasema, maana alikuwa mtu wa kuruka vidonge hata nilipokuwa nikimfikia mwenyewe. Kusema haukumuua pia siwezi.

Mkewe nilimkuta akichuma chai. Nilishika upande wa pili wa mstari wa majani, nikawa nachuma nikimweleza yote: kompyuta, rafiki yangu, ule weupe. Mikono yake haikusimama. Nilipomaliza aliniuliza, "Na wale wengine wa chini?"

"Wote nimewafikia. Wako salama."

Akachuma tena kidogo. "Yeye sasa utamwachia nafasi tupu?"

"Nafasi tupu haidhuru tena. Imerekebishwa."

"Usimwachie tupu. Jina lake liache, na namba. Ile simu ninayo mimi. Ujumbe ukija nitajua kliniki ni lini, nitawaambia hawa majirani."

Nilimpelekea karani ombi hilo. Alisema orodha ya wagonjwa ni lazima iwe ya kweli, na ana haki kusema hivyo. Mwishowe alikubali, mradi kwenye daftari langu niandike ukweli. Nimeuandika.

Kwa hiyo kila mwezi programu inashuka, inaruka mstari wa rafiki yangu, inamfikia mzee, inamsoma kama mtu aliye hai. Mimi nami nimerudia kuzunguka kwa miguu. Nikifika langoni pale, mkewe husikia hatua zangu na kusema kutoka jikoni, "Imefika. Imemwita kwa jina."