Aliyemulika Kuta

Shemeji yangu alisifika kwa picha zake za usiku, nyeusi na nyeupe: ngazi za viwanda vilivyofungwa, vichochoro, ukuta unaong'aa katikati ya giza kana kwamba umejiwasha wenyewe. Watu walimwita Bundi, na jina likampendeza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu hata mnazi hakuupanda yeye.

Mwanga ule ulikuwa wa dada yangu. Bundi akishaisimamisha kamera na kuiacha lenzi wazi, dada alipita mbele yake na tochi, amevaa nyeusi mpaka soksi, akiupaka ukuta mwanga polepole kama mtu anayepaka chokaa. Alijua pa kukawia na pa kupita haraka. Kwa kuwa hakutulia mahali pamoja, filamu haikumshika. Kazi yake ilikuwa kutoonekana, na aliifanya miaka yote ya ndoa, awe mjamzito, awe na homa.

Siku moja mama alimwambia, "Mwanangu, mumeo anapiga picha kila leo, na mimi sina hata moja yako."

Dada akamwomba mumewe. Bundi alikataa, halafu akakubali shingo upande. Usiku huo dada alivaa gauni jeupe, Bundi akashika tochi mwenyewe, na dada akasimama mbele ya ukuta wa ghala bila kutikisika, mpaka miguu ikafa ganzi. Alirudi na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo tangu arusi yake. Alimwambia mama asubiri maonyesho.

Siku ya maonyesho alitupeleka wote, amemshika mama mkono. Ukuta wa ghala ulikuwepo, picha kubwa kuliko zote. Mbele yake hapakuwa na mtu, doa jeusi tu.

"Nilikutia giza wakati wa kusafisha picha," Bundi alisema, glasi mkononi. "Ulikuwa unavuta macho. Picha ni ukuta."

Akaenda zake kwa wageni. Nilitamani kumzaba kofi mbele yao wote, lakini dada alinibana kiwiko.

Mama, ambaye macho yake yalikwisha kuingia ukungu, alisogea karibu na kioo cha picha. "Uko wapi, mwanangu?"

Dada akaweka kidole juu ya lile doa. "Hapa, mama. Nimesimama hapa."

Mama alitazama kwa muda.

"Ehe, nimekuona," akasema. "Umependeza."