Boga Lililotuchekea Sijdani

Kisa hiki nimeshakihadithia harusini na majikoni mwa watu, na kila mara nakikatisha pale pa kuchekesha, kwa sababu panapofuata pananitia aibu hadi leo, lakini nyinyi ni wenzangu, basi leo nitakimaliza.

Tulikuwa tunakaa Walthamstow, London, mimi, mume wangu na binti zetu wawili, Rukia wa miaka saba na Zuhura wa minne. Ramadhani mwaka ule iliangukia mwisho wa Oktoba, na siku hiyo nilikuwa nimewaalika kufutari wanawake sita wa kwetu Unguja waliokuwa wakisimamia chuo cha Kurani cha watoto cha Jumapili, mkubwa wao Bi Shemsa (sauti yake ya upole, lakini akikutazama tu unaanza kujikagua mtandio). Walikuwa wanatafuta mwalimu wa darasa la wadogo. Niliitaka nafasi ile, jamani, kuliko nilivyoonyesha, maana kutwa kazi yangu ilikuwa kuogesha na kulisha wazee wa watu, na nilitamani pawe na mahali ninapoitwa mwalimu, kama nilivyokuwa nikiitwa nyumbani Unguja.

Sasa Rukia wiki nzima analilia boga. Wenzake wote skuli wanachonga ya Halloween, ule usiku watoto wa Kizungu wanapovaa kama mizuka na kuwasha mishumaa ndani ya maboga yenye nyuso, yeye tu hana. Nikasema moyoni, boga ni boga, lina dhambi gani? Nikanunua moja kubwa sokoni, tukatandika magazeti jikoni, mimi nikachonga macho, Rukia akachora mdomo kwa kalamu nami nikaufuata kwa kisu, Zuhura akakomba mbegu mpaka nywele zikajaa nyuzi za boga, na tulicheka siku ile (sikumbuki kama tumewahi kucheka hivyo tena sisi watatu). Nyama yake kuitupa nikaona ni israfu, nikaipika kwa nazi iwe futari, na kwa kuwa ilikuwa ya majimaji haina ladha, nikazidisha sukari na iliki.

Wageni walipokaribia nikalificha lile ganda nyuma ya pazia la chumba cha mbele, uso umeelekea barabarani, nikaliwashia mshumaa ili Rukia aridhike, nikamwambia asiliguse. Dirisha lile ndilo lililo upande wa kibla, tunakoelekea tukisali. Hilo sikuliwaza hata chembe.

Tukafungua kwa tende, tukasimama kusali. Tuko kwenye sijda, nasikia pazia linavutwa. Tukainua vichwa, boga limegeuzwa, linatuchekea kwa meno matatu, macho yanawaka, na Rukia kasimama pembeni anang'aa kwa furaha, anangoja tushangae. Mmoja akapiga ukelele, wa nyuma yake akakatisha sala, mwingine akarudi kinyumenyume akanikalia mkono. Bi Shemsa peke yake ndiye aliyeendelea mpaka akatoa salamu ya kumaliza sala.

"Nini hiki?" akauliza.

Hapa ndipo watu hucheka, nami hunyamaza.

"Watoto wa jirani," nikasema. "Wameleta wao. Mimi sijui hata limeingiaje."

"But Mummy," Rukia akaanza, akaendelea kwa Kiingereza chake, na wote wanamwelewa, kwamba macho niliyachonga mimi mwenyewe, na nyama ya ndani ndiyo ile iliyomo chunguni.

"Muongo huyu!"

Nilimwita mwanangu muongo, katika mwezi wa Ramadhani, na bado nipo juu ya msala wa kusalia. Nikalinyakua boga, nikatoka nalo mbio, nikalibwaga kwenye pipa la taka nje, nta ya moto inanimwagikia vidoleni, na watoto wa mtaani waliovaa kama mizuka wakanipigia makofi, wakidhani ni mchezo.

Wageni walikula sambusa na uji. Boga la nazi hakuna aliyeligusa. Wakati wa kuaga, Bi Shemsa akanishika mkono ule ule uliobabuka.

"Boga si kitu, mwanangu," akasema. "Lakini mtoto kasema kweli, nawe umemkadhibisha mbele yetu. Darasa tutampa mwengine."

Rukia hakulia. Aliingia jikoni, akakunja yale magazeti moja moja bila kutumwa, akaenda kulala. Nilitaka kumwomba radhi kesho yake, kisha keshokutwa, kisha nikajipa moyo kwamba watoto husahau.

Miaka sita ikapita. Juzijuzi, kwenye kituo cha basi, mama mmoja akanisifia picha alizochora Rukia, zilizotundikwa skuli kwa ajili ya wazazi kuja kutazama. Sikuwa na habari. Jioni nikamuuliza mbona hakuniambia. Yeye ambaye siku zote hunijibu Kiingereza, safari hii alitafuta maneno ya Kiswahili, polepole, ili nisikosee kuelewa.

"Sikutaka unionee haya mbele ya watu, Mama."

Nimeapa sitamkana tena mwanangu mbele ya mtu yeyote. Kiapo chepesi hicho, maana hanialiki tena popote.